UZI: Kabla hujanunua ng'ombe wa tatu, fuata lita moja ya maziwa yako hadi inakolipiwa

Mfugaji_Njoro (mwanzilishi wa uzi)

Wadau, hamjambo.

Uzi huu ni wa watu ambao tayari wanafuga na kila mwisho wa mwezi wanajiuliza pesa zimepitia wapi. Magonjwa na mbegu tumejadili humu hadi tukachoka. Leo nataka tuzungumzie yanayotokea kabla chakula hakijafika zizini, na baada ya maziwa, yai au mnyama kuvuka lango. Huku Njoro, Nakuru, utakuta mtu anahangaika kutafuta ng'ombe wa lita 30 kwa siku, na yule wa lita 12 aliye naye maziwa yake ya jioni yanaganda jikoni kwa sababu gari la ushirika hupita asubuhi tu. Huyo wa lita 30 atamletea mala, maziwa ya mgando, nyingi zaidi, basi.

Hesabu ninayowaomba mfanye ni hii. Tuseme ushirika umetangaza Sh 50 kwa lita. Ondoa usafiri Sh 3, makato ya ofisi Sh 2, hisa Shilingi moja. Unabaki na 44. Mchuuzi wa pikipiki anakupa 46 mkononi, leo leo. Wengi wanakimbilia 46 na siwalaumu. Lakini uliza anapimaje. Maziwa ni mazito kidogo kuliko maji, lita moja ina kama kilo 1.03. Ushirika ukipima kwa mizani na kulipa kwa kilo, lita 100 zako zinaandikwa 103. Mchuuzi naye anatumia jagi, anangoja povu litulie, kisha anaongeza "kidogo tu." Kidogo hicho kikifika lita 3 katika kila 100, umemuuzia lita 103 kwa bei ya 100. Piga sasa: kwa ushirika kila lita yako ya kweli imekupa Sh 45.30, kwa mchuuzi Sh 44.70. Ile tofauti ya shilingi mbili imehama upande na hakuna aliyekwambia. Wapo mashirika ya wakulima wanaopima kwa lita pia, kwa hivyo usibashiri, simama pale uangalie.

Jambo la pili ni kalenda. Mvua ndefu zikishika, Aprili hadi Juni, nyasi ziko kila mahali na kila mtu ana maziwa. Mchuuzi anashusha bei au haonekani kabisa. Januari na Februari, jua likiwaka, anakubembeleza. Sasa, mimba ya ng'ombe ni miezi tisa na siku chache. Ukimpandisha Machi, atazaa Desemba na kilele cha maziwa yake kitaangukia kiangazi, bei ikiwa juu. Wengi wetu tunapandisha siku yoyote ng'ombe akionyesha joto, tunapata ndama Aprili, halafu tunalia soko limejaa. Onyo ni moja: usijaribu hili kama huna saileji (majani mabichi yaliyovundikwa) au nyasi za kukupitisha kiangazi, maana ng'ombe aliyezaa Desemba akila mabua makavu hatakupa hata lita hizo 12.

Jambo la tatu, chakula cha gunia. Gunia la kilo 70 likiwa Sh 2,800, kilo ni Sh 40. Ukiongeza kilo moja na ng'ombe akaongeza lita moja na nusu, umepata. Akiongeza nusu lita, unamlipa mwenye kiwanda cha chakula kwa jasho lako. Ongeza kidogo kidogo huku unapima, na lita zikigoma kupanda, rudi nyuma.

Karibuni. Tupingane kwa hesabu, si kwa matusi.

---

Wa_Subukia

Mzee, hesabu ni nzuri, lakini ushirika wetu hulipa katikati ya mwezi unaofuata na shule haingoji. Mchuuzi ndiye huwatuma wanangu shule kila Jumatatu. Hiyo nayo iweke kwenye hesabu.

---

Mwalimu_Mstaafu_Vihiga

Ndugu wa Subukia ana hoja, na inaenda mbali kuliko alivyoisema. Ushirika wetu una duka. Unachukua chakula cha ng'ombe kwa mkopo, kinakatwa kwenye maziwa. Watu wanapenda kwa kuwa hakuna pesa inayotoka mfukoni. Mimi nililinganisha bei. Chukua mfano wa mwanzilishi: gunia Sh 2,800 taslimu kwa agroveti, na Sh 3,000 kwa mkopo kwenye duka la ushirika, unalipa baada ya mwezi. Hizo Sh 200 ni riba, hata kama hakuna aliyeiita hivyo. Ni zaidi ya asilimia 7 kwa mwezi mmoja! Sacco nyingi zinatoza kama asilimia 1 kwa mwezi kwa deni linalopungua. Kwa hivyo mtu anakopa Sacco, ananunua chakula cha mwezi mzima kwa taslimu na kuomba bei ya jumla, na bado anabaki na pesa.

Nilipoileta hoja hii kwenye mkutano nilijibiwa kwamba duka ndilo linalolipa mishahara ya ofisi. Sawa. Basi tuambiwe ni makato, tuyapigie kura.

---

Karani_wa_Kituo

Habari za jioni. Nafanya kazi kwenye kituo cha kukusanya maziwa upande wa Rongai ya Nakuru, kwa hivyo nitasema kutoka upande wa pili wa mizani.

Maziwa mengi tunayoyakataa hayajatiwa maji. Laktometa, kile kipimo cha uzito wa maziwa, inayakubali vizuri tu, inasoma kati ya 26 na 32 inavyotakiwa, halafu tukitia alkoholi yanaganda. Hiyo ni dalili kwamba yameanza kuchacha. Mtu amekamua saa kumi na moja alfajiri, gari limefika kwake saa nne, na muda wote huo mtungi ulikuwa juani kando ya barabara. Mwingine kayaleta kwenye jerikani ya plastiki iliyokuwa na mafuta ya kupikia, ile shingo yake haiingii mkono wala brashi, na humo ndani vijidudu vinaishi kwa raha. Mtungi wa alumini ni ghali, najua. Linganisha bei yake na maziwa uliyorudishiwa mwaka huu. Na kama gari lako huja saa nne, kwa nini ukamue saa kumi na moja? Sogeza saa, ng'ombe atazoea mradi usibadilishe kila siku. Usiku tumbukiza mtungi kwenye karo la maji baridi.

Halafu dawa. Ukimtibu ng'ombe ugonjwa wa kiwele, kibandiko cha dawa kinakwambia umwage maziwa kwa muda gani. Watu wanaleta siku ya pili. Mtungi mmoja wenye mabaki ya dawa ukiingia kwenye tangi la lita 3,000, kiwanda kinarudisha tangi lote, kwa sababu mtindi na jibini havigandi vizuri na mlaji anadhurika. Hapo ndipo mtu anayetaka kuelewa mnyororo aulize swali ambalo sijawahi kuulizwa na mwanachama hata mmoja: tangi likikataliwa kiwandani, hasara ni ya nani? Katika vituo vingine inagawanywa kwa wote. Yaani wewe msafi unamlipia jirani mchafu na huoni popote kwenye risiti, unaona tu "makato mengine."

---

Wa_Subukia

"Makato mengine" nimeyaona sana. Kumbe!

---

MamaKuku_Bungoma

Mnaongea maziwa tu, na sisi wa kuku je? Huku kwetu wapinzani wangu wako ng'ambo ya mpaka. Mayai ya Uganda yanaingia kupitia Busia na Malaba, na kuna wakati trei yao inauzwa hapa chini ya gharama yangu mimi. Hakuna uchawi, mahindi na soya kwao ni nafuu, na chakula ndicho kinachokula asilimia 60 hadi 70 ya pesa za kuku. Nilikuwa nikishusha bei nao. Nikagundua kwamba bei siwezi kushindana nayo hata nikiamka saa tisa usiku.

Kwa hivyo niliacha kuuza kwa duka la jumla. Nilikaa kwa hoteli moja ya mjini nikauliza mpishi anachukia nini kuhusu mayai. Akasema: yanakuja na nyufa, mengine madogo mengine makubwa, na yakiisha Jumapili hakuna wa kumpelekea. Bei hakuitaja. Sasa napanga kwa ukubwa, napeleka kwa boda mara mbili kwa wiki na nikiitwa Jumapili naenda. Trei yangu iko juu ya ile ya mpakani na wananunua. Shule za bweni nazo nilizijaribu. Wananunua mengi lakini wanalipa muhula ukiisha, na wakifunga Agosti na Novemba unabaki na mayai yako. Shule zisizidi robo ya mayai yako, huo ni ushauri wangu.

Kitu kingine ambacho wengi hawapangi ni kuku waliochoka kutaga. Kuku wa mayai anaanza kutaga kama wiki ya 18 hadi 20 na unamtoa kama wiki ya 76 hivi. Ukichukua vifaranga Juni au Julai, siku ya kuwatoa inaangukia Desemba ya mwaka unaofuata, wakati watu wa Magharibi mwa Kenya wamerudi nyumbani kwa Krismasi na hakuna mgeni anayekaribishwa bila kuku. Ukiwatoa Februari, karo zimelipwa, hakuna mtu ana pesa, utawauza kwa bei ya kutupa. Kuku ni wale wale.

Na mbolea msiitupe. Wa nyanya na sukuma wiki wanaifuata hapa wenyewe.

---

Ochieng_wa_Mashudu

Dada yangu wa Bungoma umegusa chakula, niingie hapo. Natengeneza chakula cha kuku Kisumu, kiwango kidogo tu. Omena, dagaa wa Ziwa Victoria, ndiyo protini yetu, na omena ina kalenda yake. Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane, na hata miezi mingine, usiku wa mbalamwezi, taa za wavuvi hazivuti kitu. Bei inapanda na kushuka kwa mwezi wa angani! Mfugaji asiyejua hili anadhani muuzaji ni mlafi.

Lakini wizi uko, na uko kwenye mchanga. Omena iliyoanikwa chini ufukweni inakuja na mchanga mwingi, na mchanga una uzito. Chukua kiganja kimoja, tia kwenye glasi ya maji, koroga, angalia kilichozama. Ukilipa kilo 100 na 15 ni mchanga, chakula chako hakina protini unayodhani, na kuku watakuambia kwa kutotaga. Mimi nanunua iliyoanikwa kwenye nyavu zilizoinuliwa, bei yake iko juu kidogo na bado ni nafuu.

Kuweka akiba kabla ya Aprili ni wazo zuri, ila usizidishe. Omena ina mafuta, ikikaa ghalani miezi mingi inachacha na kuku wanaikataa. Changanya na soya, na soya lazima ikaangwe. Mbichi inazuia kuku kumeng'enya protini.

Wa maziwa nao wasijione wako mbali na ziwa na miwa. Julai 2023 viwanda vya sukari viliposimamishwa kusaga ili miwa ikomae, ukanda wote huu wa Muhoroni, Chemelil na Kibos ukanyamaza, na molasi yenu ya saileji, ule uji mtamu unaobaki sukari ikitengenezwa, inatoka huku. Anayenunua molasi siku anayokata mahindi ya saileji ananunua kwa bei ya siku hiyo, iwe ni ipi.

---

Heifer_Kings

Tunauza mitamba ya Friesian yenye mimba, nyaraka zipo, tunafikisha hadi mlangoni, njoo inbox

---

Msimamizi

Matangazo yana jukwaa lake. Ujumbe mwingine kama huu nitaufuta.

---

Broka_wa_Sondu

Sasa na mimi niseme, maana kila uzi humu broka ni mwizi.

Nanunua ng'ombe soko la Sondu, pale Kisumu na Kericho zinapokutana, na masoko mengine ya jirani. Tuchukue ng'ombe mmoja. Mwenye ng'ombe nimempa 52,000, akaniona shetani kwa sababu alisikia bucha inauza kilo kwa bei fulani. Hajui kwamba nalipa ushuru wa soko, kibali cha ofisa wa mifugo, vijana wa kuswaga na kupakia, lori, ada ya kichinjio na mkaguzi wa nyama. Mnyama akilala njaa njiani anapungua kilo. Akivunjika mguu kwenye lori, ni wangu. Mwenye bucha naye ananiambia "nitakutumia Ijumaa." Ijumaa gani hasemi.

Na kuna hili ambalo hakuna mfugaji amewahi kurudi kuniuliza: kichinjioni kulionekana nini? Ng'ombe wa tambarare za Nyando na Ahero, wanaolishwa kando ya mashamba ya mpunga na mabwawa, ini likipasuliwa limejaa minyoo bapa. Mkaguzi analikata na kulitupa. Ini ni pesa. Kwa hivyo nikiona ng'ombe wa upande huo nashusha bei kabla hujafungua mdomo, hata kama wako ni mzima, kwa sababu sina njia ya kujua. Nawe unampa dawa ya minyoo ya bei rahisi ambayo haigusi minyoo ya ini kabisa. Si kila dawa inaiua. Muulize daktari, msimu uujue, tunza rekodi, niletee. Nikishanunua kwako mara kadhaa na maini yako yanapita, bei yako itapanda. Nasema kama mfanyabiashara, si kama mchungaji.

---

Mfugaji_Njoro

Ndugu wa Sondu, asante kwa kujitokeza, na hiyo ya maini imenifunza. Lakini hujagusa kitu kimoja. Unanunua kwa jicho, unauza kwa mizani. Hapo ndipo tunapotofautiana.

Wadau, chukueni utepe wa fundi cherehani. Zungusha kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio. Kifua kwa kifua, mara urefu, gawanya kwa 10,840, unapata kilo. Ng'ombe mwenye kifua cha sentimita 150 na urefu wa sentimita 130 anatoa kama kilo 270. Wa kienyeji hutoa nyama kama nusu ya uzito, kwa hivyo kilo 135 hivi. Tuseme bucha inachukua kutoka kichinjioni kwa Sh 500 kwa kilo: hiyo ni 67,500. Ongeza kichwa, miguu, matumbo na ini, ambavyo mfugaji huwa hahesabu kabisa. Ngozi niache, bei yake siku hizi inatia huruma. Ukitoa 52,000 kuna zaidi ya 15,000 katikati. Taja gharama zako zote kwa shilingi, hapa hapa, tujumlishe.

---

Broka_wa_Sondu

Zinafika 8,000 hadi 9,000 kwa ng'ombe mmoja lori likiwa limejaa. Lisipojaa, zaidi. Na usisahau karantini. Ugonjwa wa miguu na midomo ukitangazwa, masoko yanafungwa na mimi nalipa lori lililosimama.

Kinachobaki ni chakula cha watoto wangu na hatari yangu. Huyo mwenye bucha wa Ijumaa umemsahau?

---

Mwalimu_Mstaafu_Vihiga

Angalau sasa tunajua ugomvi ni wa Sh 6,500 hadi 7,500 na vipande vya tumboni, si wa 15,000. Mwenye ng'ombe anayejua ni kilo 270 anaanza mazungumzo 58,000 na wanakutana mahali. Asiyejua anaanza kwa "unanipa ngapi?"

Ila mzee wa Njoro, nusu ya uzito si sheria. Ng'ombe aliyekonda hafiki, na aliyejaza tumbo maji asubuhi ya soko anadanganya hata huo utepe wako kidogo.

---

Broka_wa_Sondu

Ya maji naijua sana, mwalimu. Chumvi usiku, maji alfajiri. 😀

---

Nyar_Kisumu

Samahani nimechelewa. Nina ng'ombe wanne wa gredi nje kidogo ya Kisumu na nyasi nanunua kutoka Nakuru. Mwenye lori ananiuzia beli (mafungu ya nyasi yaliyofungwa kwa mashine) kwa Sh 250 pale pale shambani, na usafiri Sh 30,000 kwa lori la beli 300. Nimesoma uzi wote na sasa naogopa kupiga hesabu. Ni bei nzuri?

---

Mfugaji_Njoro

Dada, bei ya beli haina maana mpaka ujue kilo. Lori la nyasi hujaa nafasi kabla halijajaa uzito, kwa hivyo usafiri wako ni Sh 100 kwa beli, iwe nzito au nyepesi. Beli ya kilo 15 inakufikia kwa 350, yaani kama Sh 23 kwa kilo. Beli ya kilo 10, Sh 35 kwa kilo. Nyasi zile zile, barabara ile ile. Mtu wa mashine anayelegeza kamba anakuibia huko Kisumu bila kutoka Rongai.

Pia nunua wakati wa kukata. Februari utakuta bei nyingine kabisa.

---

Nyar_Kisumu

Sijawahi kupima hata moja. Za mwisho mtoto wangu wa darasa la saba alikuwa anabeba mbili mbili.

---

Ochieng_wa_Mashudu

Hahaha, basi jibu unalo, dada.

Mizani ya kuning'iniza nitakuazima, niko Mamboleo. Na usipimie kwako, safiri upime kule kabla hazijapakiwa. Chota kadhaa kutoka katikati ya rundo, si zile za juu anazokuonyesha, na chomeka mkono ndani: zikiwa na joto zilifungwa mbichi, zitaoza.

---

Mfugaji_Njoro

Na mkubaliane bei kwa kilo kabla hujatuma hata shilingi. Akikataa, nijulishe lini unakuja, huku Njoro na Rongai wako wanaokubali kupimiwa.

---

Nyar_Kisumu

Nimempigia. Amesema nyasi hazipimwi. Nakuja Alhamisi.